Hilux ya zamani inachemsha ikiwa na mzigo njia ya Magu, mjini haichemshi: tutafute chanzo kabla sijafungua silinda hedi

Mbeba Dagaa wa Kirumba (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninamiliki pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1995 yenye injini ya dizeli ya 3L, ile ya cc 2,779, ambayo kwa miaka sita sasa ndiyo inayonibebea magunia ya dagaa kutoka Mwaloni hapa Kirumba, Mwanza, kwenda Magu na Lamadi, na mara moja moja kupitia Usagara na daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema. Gari hili limenisomeshea watoto, kwa hiyo naomba mnisaidie kwa makini.

Kwa miezi minne limekuwa likichemsha. Mara ya kwanza nilipita Kisesa nikiwa na mzigo wa karibu tani moja, mshale wa geji ya joto ukapanda taratibu hadi karibu na alama nyekundu, nikasimama, na maji yakatoka kwa kishindo kupitia kwenye kopo la akiba. Gereji niliyopeleka walitoa themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata joto, wakasema nchi yetu ni ya joto haihitajiki, wakabadilisha mkanda wa feni, na baada ya wiki mbili, tatizo lilipobaki palepale, wakaniuzia pampu mpya ya maji. Jambo linalonishangaza ni kwamba baada ya kufungwa pampu mpya gari linachemsha mapema zaidi kuliko awali. Sasa ninaambiwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wa injini), imeungua na hedi ishushwe. Gharama ya kazi hiyo ni sawa na faida yangu ya msimu mzima, na sijaonyeshwa kipimo chochote kinachothibitisha. Je, kuna namna ya kujua kwa hakika kabla sijatoa fedha?

Dereva Mstaafu

Pole sana ndugu yangu. Mimi nimeendesha malori ya mizigo njia ya Shinyanga kwa zaidi ya miaka 20, na katika uzoefu wangu, gari likitoa maji kwa kishindo namna hiyo, mara nyingi gasketi imekwisha, kwa sababu moto wa silinda unapenya na kuyasukuma maji nje. Usiendelee kulibebesha mzigo, kwani hedi ikipinda au ikipata ufa utatamani ungeliifungua mapema.

Fundi wa Nyakato

Mzee wangu Dereva Mstaafu amesema kweli kuhusu hatari ya kuendelea kulibebesha gari mzigo, na ninaunga mkono lisimamishwe kwa safari ndefu. Hata hivyo, maji kutoka kwa kishindo si ushahidi wa gasketi peke yake, kwa kuwa maji yoyote yaliyochemka ndani ya chombo kilichofungwa yatatoka kwa kishindo pale yanapopata nafasi. Gasketi mbovu ni chanzo kimojawapo. Vipo vingine visivyopungua kumi, na vingi kati yake ni vya bei ndogo.

Ndugu Mbeba Dagaa, kabla hatujagusa spana yoyote ninaomba unijibu kwa ukamilifu mambo yafuatayo, na usijibu kwa kukisia. Je, ukiliacha gari likiunguruma limesimama Mwaloni wakati wa kupakia, kwa nusu saa hivi, joto hupanda? Ukipanda mlima wa Bugando kwa gia ya pili bila mzigo, geji husema nini? Ukiwa njia ya Magu na mshale umeanza kupanda, ukapunguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 50 kwa saa, mshale hushuka au huendelea kupanda? Asubuhi, gari likiwa limepoa kabisa, kiasi cha maji kwenye rejeta na kwenye kopo la akiba kikoje? Je, mipira ya rejeta asubuhi huwa imenywea? Na mwisho, ni maji gani hasa unayotia, na kuna mtu amewahi kutia dawa ya kuziba matundu, au yai, au bizari, kama wanavyofanya wengine wakiharibikiwa njiani?

Maswali haya ni mengi, lakini ndiyo kazi yenyewe. Gari linalochemsha likiwa limesimama na gari linalochemsha likiwa mwendoni ni wagonjwa wawili tofauti, ingawa wote wana homa.

Mbeba Dagaa wa Kirumba

Fundi, nashukuru. Nimekaa na utingo wangu tukakumbuka safari moja baada ya nyingine, na haya ndiyo majibu.

Limesimama Mwaloni likiunguruma, hata saa nzima, mshale haufiki nusu. Mlima wa Bugando nimeupanda jana makusudi, mara mbili mfululizo, bila mzigo, na mshale haukutikisika. Njia ya Magu nikiwa na mzigo, mshale huanza kupanda baada ya dakika 15 au 20 za mwendo wa kilomita 80. Nikipunguza hadi 50 hushuka ndani ya dakika chache, nikiongeza hupanda tena. Asubuhi rejeta huwa imepungua karibu lita moja na nusu, lakini kopo la akiba huwa limejaa hadi juu. Hilo sikuwahi kulitilia maanani, nilikuwa nikiongeza tu maji kwenye rejeta na kulimwaga kopo. Mpira wa juu asubuhi huwa umenywea kidogo kama chupa iliyofyonzwa.

Kuhusu maji, kwa miaka mingi nimetia maji ya kisima cha nyumbani, ambayo ukichemsha chai huacha ukoko mweupe kwenye birika. Dawa ya kuziba ilitiwa mara mbili na aliyekuwa dereva wangu, alipopata tundu dogo kule Lamadi.

Fundi wa Nyakato

Majibu yako yamenipa zaidi ya nilichotarajia. Nitaeleza ninavyoyasoma, na mwenye mawazo tofauti anirekebishe.

Gari likiwa limesimama hakuna upepo wa mwendo, hivyo feni ndiyo pekee inayovuta hewa kupita kwenye rejeta. Kama feni, mkanda wake, klachi ya feni au kava lake lingekuwa na hitilafu, gari lako lingechemsha Mwaloni wakati wa kupakia na kutulia ukishika barabara ya lami. Lako linafanya kinyume chake kabisa. Klachi ya feni hufanya kazi kwa mafuta mazito ya silikoni yaliyomo ndani yake. Yakivuja utaona michirizi yenye vumbi ikitoka katikati kwenda nje, na feni itazunguka ovyo ukiisukuma kwa kidole injini ikiwa ya moto na imezimwa. Iangalie kwa sababu haigharimu kitu, lakini siitegemei kuwa ndiyo mkosaji.

Kwa mwendo mkubwa na mzigo, injini inazalisha joto jingi sana, na hewa ipo tele. Kama joto linapanda hapo, basi ama maji hayapiti kwa wingi unaotakiwa, ama rejeta haina tena uso wa kutosha wa kutoa joto, ama injini inalazimishwa kufanya kazi kupita kiasi. Kwa hili la tatu, inua magurudumu moja baada ya jingine uyazungushe kwa mkono, kwa sababu breki inayong'ang'ania hulifanya gari lipande mlima hata kwenye tambarare. Nimewahi kuhangaika siku mbili na gari lililokuwa likichemsha, kumbe breki ya nyuma ya kulia haikuwa ikiachia.

Sasa dalili ya kopo. Mfuniko wa rejeta una vali mbili, si moja. Ya kwanza hubanwa na springi na huzuia maji hadi shinikizo lifikie kiwango kilichoandikwa juu ya mfuniko, mara nyingi 0.9 au 1.1 (kilo kwa sentimita ya mraba), ndipo maji ya ziada huachiwa yaende kwenye kopo. Ya pili ni ndogo, katikati, na hufunguka kwa upande wa pili injini inapopoa, ili maji yaliyokwenda kwenye kopo yafyonzwe kurudi rejetani. Kopo lako linajaa na rejeta inabaki pungufu, na mpira wa juu unanywea: vali ndogo haifunguki. Kila asubuhi ulikuwa ukiongeza maji mapya ya kisima, na kila mara ulikuwa ukiongeza chokaa mpya ndani ya injini.

Kabla ya lolote, nunua mfuniko mpya wenye namba ileile, usiongeze namba kwa kudhani ni bora zaidi. Kisha fanya kipimo cha gasketi kama nitakavyoeleza, ili tuondoe hofu hiyo mezani.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza maji hadi shingoni, washa gari. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki, yasikutishe. Lakini mapovu yakiendelea kutoka bila kukoma na kuongezeka unapokanyaga mafuta, au maji yakiruka kabla injini haijapata joto, gasi ya silinda inaingia kwenye maji. Vilevile, ukiufunga mfuniko na kuwasha injini baridi, mpira wa juu usiwe mgumu kama tairi ndani ya dakika moja. Maji bado ni baridi, hivyo shinikizo hilo haliwezi kutoka kwenye joto. Angalia oili kwenye kijiti: ikiwa na rangi ya maziwa, kuna maji. Kipo pia kipimo cha maji ya bluu ambayo hubadilika rangi yakikutana na gasi ya moshi. Mafundi kadhaa wa mjini wanacho, na bei yake hailingani hata kidogo na gharama ya kushusha hedi.

Mama Sangara wa Igombe

Ninaomba niongeze jambo moja kwa uchungu. Pikapu yangu ilichemsha nikiwa na sangara kwenye barafu, nikasimama, kijana akafungua mfuniko papo hapo kwa kitambaa, akaungua mkono hadi kwenye kiwiko. Halafu akamimina maji ya barafu yaliyoyeyuka moja kwa moja kwenye injini ya moto. Tulisikia mlio mmoja mfupi. Hedi ilipata ufa kati ya vali, na injini ile haikurudi tena kuwa ilivyokuwa. Tafadhalini, yeyote anayesoma uzi huu, asubiri angalau dakika 40 kabla ya kugusa mfuniko.

Vilevile, sisi tunaokaa ufukweni, vile vidudu vya ziwani vinavyotanda kama moshi hujaa kwenye mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa, vikichanganyika na vumbi na magamba ya samaki. Yangu ilikuwa imezibwa nusu nzima upande wa mbele, na kutoka nje ilionekana nyeusi tu kama kawaida.

Fundi wa Nyakato

Mama, pole sana kwa kijana na kwa gari. Umesema jambo la muhimu kuhusu vidudu. Ndugu Mbeba Dagaa, ukiosha rejeta, osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya nguvu ndogo, kwa sababu mashine za kuoshea magari zikisogezwa karibu hulaza mapezi na kufunga njia ya hewa moja kwa moja.

Mwalimu wa Nyegezi

Ninafundisha fizikia, nami ningependa kueleza kwa nini mfuniko una uzito mkubwa zaidi hapa kwetu kuliko Dar es Salaam. Ziwa Viktoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, shinikizo la hewa ni dogo, na maji yaliyo wazi huchemka kwa takribani nyuzi 96 za Selsiasi badala ya 100. Mfuniko mzima wa 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 116. Kwa maneno mengine, mfuniko ndio unaotupa nyuzi 20 za usalama. Mfuniko ukilegea, injini inayofanya kazi kwa nyuzi 92 au 93 chini ya mzigo, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, inabakiwa na nyuzi tatu au nne tu kabla ya kuchemka. Gari lilelile, lenye mfuniko uleule uliolegea, linaweza kumvumilia mtu wa Bagamoyo na kumshinda mtu wa Mwanza.

Mbeba Dagaa wa Kirumba

Mwalimu, asante, hilo sikuwahi kulijua. Naleta matokeo ya siku tatu.

Breki zote zinaachia vizuri. Klachi ya feni ni kavu na inakaza. Mapezi tumeyaosha, na maji yaliyotoka yalikuwa meusi na yenye harufu ya dagaa, lakini hayakuwa yameziba kwa kiasi cha kutisha. Mfuniko wa zamani tuliutazama: raba yake imekatika upande mmoja, na ile vali ndogo imeganda kwa kutu, hata ukiivuta kwa ukucha haisogei. Nimenunua mpya wa 0.9.

Kipimo cha gasketi tulikifanya kwa utulivu. Mapovu matano au sita, kisha kimya. Nilikanyaga mafuta, maji yakashuka kidogo shingoni, hayakuruka. Mpira wa juu ulibaki laini hadi injini ilipopata joto. Oili ni nyeusi safi. Nikaenda nikapimiwa pia kwa yale maji ya bluu. Yalibaki bluu kwa dakika zote kumi. Kwa hiyo hedi yangu ni nzima, na nilikuwa nimebakiza siku mbili tu niishushe.

Jambo la ajabu ndilo hili. Wakati kijana anakanyaga mafuta hadi injini ikafika mzunguko kama wa mwendo wa barabarani, mimi nilikuwa nimeinama nikitazama mpira wa chini wa rejeta. Ulinywea mbele ya macho yangu, ukawa bapa kama mkanda, na alipoachia ukafura tena. Tumerudia mara nne, ikawa vilevile. Hii ilikuwa na mfuniko wa zamani. Kwa mfuniko mpya na maji ya moto unanywea kidogo tu, lakini bado unanywea.

Fundi wa Nyakato

Ndugu yangu, umeona kile ambacho gereji mbili zingeweza kukikosa, kwa sababu hakionekani injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta.

Pampu ya maji hufyonza kutoka chini ya rejeta kupitia mpira huo na kusukuma ndani ya injini. Ndani ya mpira wa chini wa magari mengi ya zamani huwekwa springi ya waya ili usinywee. Yako bila shaka imeliwa na kutu, au mpira ulibadilishwa ukawekwa usio na springi. Injini ikizunguka taratibu, mfyonzo ni mdogo na mpira unasimama. Ukishika kilomita 80, mfyonzo unakuwa mkubwa, mpira unajifunga, na injini inanyimwa maji wakati ule ule inapoyahitaji zaidi. Ukipunguza hadi 50, mpira unafunguka na mshale unashuka. Haya ndiyo maelezo uliyonipa wiki iliyopita, neno kwa neno.

Inaeleza pia kwa nini pampu mpya ilizidisha tatizo: pampu ile ya zamani yenye mapanga yaliyoliwa ilikuwa ikifyonza kwa udhaifu, hii mpya inafyonza kwa nguvu zake zote. Na mfuniko uliolegea ulizidisha, kwa kuwa shinikizo la mfumo ndilo linalousaidia mpira kutoka ndani usimame.

Lakini, na hapa ninaomba unisikilize, usinunue mpira ukadhani tumemaliza. Mpira mlaini haunywei bila sababu. Pampu hufyonza kwa nguvu namna hiyo pale ambapo maji hayashuki haraka kutoka juu ya rejeta, na ukiniambia maji ya kisima yenye ukoko kwa miaka mingi pamoja na dawa ya kuziba mara mbili, ninashuku mirija. Badilisha mpira uwe wenye springi, rudisha themostati, kisha azima kipimajoto kile cha kuelekeza kwa mwanga uzipime sehemu mbalimbali za rejeta gari likiwa la moto. Bandika vipande vya utepe wa karatasi mahali pa chuma kinachong'aa, kwa kuwa chuma cheupe hukidanganya kipimo hicho na kukionyesha joto dogo kuliko lililopo.

Dereva Mstaafu

Fundi, ninakubali kuhusu gasketi, nilikosea. Ila hili la kurudisha themostati sijalielewa. Malori yetu yote tulikuwa tunazitoa, na tulifika.

Fundi wa Nyakato

Mzee wangu, mlifika kwa sababu rejeta za malori yale zilikuwa kubwa na mwendo ulikuwa mdogo. Themostati ina kazi mbili. Huifanya injini ifikie joto lake la kazi haraka, na dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi huunguza mafuta vibaya, huchafua oili na kula silinda. Kazi ya pili haisemwi sana: katika injini nyingi themostati ina kisahani cha pili upande wa chini, ambacho huziba njia ya mkato injini ikishapata joto, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta kamwe. Hivyo mtu anaitoa ili apunguze joto, kumbe ameliongeza.

Kuipima ni rahisi. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na weka kipimajoto pembeni. Ile ya nyuzi 82 ianze kufunguka hapo hapo au karibu yake, na iwe imefunguka kwa kina cha milimita 8 au zaidi inapokaribia nyuzi 95. Kwa mujibu wa Mwalimu, maji ya sufuria yetu yanachemka kwa 96, kwa hiyo usisubiri 100, hutaifikia. Unapoifunga, kile kijitundu chenye kichipukizi kinachochezacheza kielekezwe juu, hewa ipate pa kupitia.

Mbeba Dagaa wa Kirumba

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na jambo lililokamilika.

Mpira mpya wenye springi na themostati ya nyuzi 82 vilifungwa Jumamosi. Niliipima themostati mwenyewe jikoni, ikaanza kuachana kwenye 83, mke wangu akiwa shahidi. Nikaenda hadi mbele ya Kisesa na nusu mzigo. Mpira haukunywea tena, na mshale ulichelewa sana kupanda, lakini ulipanda. Nilisimama, nikaacha injini ikiunguruma, nikapima. Kwenye nyumba ya themostati nyuzi 101. Tanki la juu la rejeta 97. Kisha nikashuka nikipima safu kwa safu kutoka upande wa dereva kwenda upande wa abiria: upande wa dereva 84, katikati 79, halafu ghafla 52, 47, 46 hadi ukingoni. Theluthi nzima ya rejeta ilikuwa ya uvuguvugu, ilhali tanki lililo juu yake lilikuwa la moto wa kuunguza.

Niliipeleka kwa mzee mmoja anayechomelea rejeta. Kwa bahati yangu, hii ni ya shaba, si hizi mpya za aluminiamu zenye matanki ya plastiki, hivyo aliyeyusha risasi akafumua tanki la juu na la chini. Nimeona kwa macho yangu: midomo ya mirija ya upande ule imefungwa na kitu cha kijivu kigumu kama saruji, na juu yake tope la kahawia lenye nyuzinyuzi ambalo mzee alisema ndiyo dawa ya kuziba. Alipitisha bapa la chuma chembamba kwenye kila mrija, akaloweka, akarudia, kazi ya siku nzima. Mirija mitatu ilikuwa imeoza ikabidi aizibe kabisa.

Swali langu: kama uchafu huu uko kwenye rejeta, je, haumo pia ndani ya injini?

Fundi wa Nyakato

Umo, na usipoutoa utahamia kwenye rejeta uliyoisafisha. Fungua koki ya kumwagia maji iliyo ubavuni mwa bloku, siyo ya rejeta peke yake. Mara nyingi utaikuta imeziba, izibue kwa waya. Toa themostati kwa muda, pitisha maji ya bomba kwa kurudi nyuma, yaani yaingie mahali yanapotokea kwa kawaida, hadi yatoke meupe. Kama hita ilishaondolewa na mipira yake kuunganishwa, ifungue nayo uisafishe.

Ukijaza upya, tia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale ya betri yasiyo na asidi, au maji ya mvua yaliyokingwa safi usipoyapata. Watu husema kulanti ni ya nchi za barafu. Huku tunaitia kwa sababu inazuia kutu, inalainisha sili ya pampu na inachelewesha kuchemka. Ibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Jaza taratibu gari likiwa limeelekezwa pua juu kwenye mwinuko, na mwinuko Mwanza si wa kutafuta, huku mfuniko ukiwa wazi na injini ikiunguruma, ukiubonyezabonyeza mpira wa juu hadi mapovu yaishe.

Mwalimu wa Nyegezi

Ukoko wa birika la Ndugu Mbeba Dagaa ni chumvi za kalisi na magnesi, ambazo hujitenga na maji yanapopashwa moto. Lita moja na nusu kila asubuhi, kwa miaka, ni maelfu ya lita yaliyopita na kuacha chumvi zake mle ndani. Maji ya ziwa yana chumvi hizo kwa uchache kuliko visima vingi, ila yana udongo na viumbe, kwa hiyo nayo yasitiwe.

Mbeba Dagaa wa Kirumba

Nimerudi kutoka Lamadi jana usiku, kwenda na kurudi, nikiwa na magunia yaliyojaa wakati wa kwenda. Nilisimama mara tatu kupima mahali pale pale penye utepe kwenye nyumba ya themostati: baada ya Kisesa nyuzi 87, Magu 88, Lamadi 86. Rejeta kwa upana wake wote ilitofautiana kwa nyuzi sita tu, isipokuwa pale penye mirija mitatu iliyozibwa. Asubuhi hii rejeta imejaa hadi shingoni, na kopo la akiba liko kwenye mstari ule ule nilioweka alama kwa kalamu kabla ya kuondoka.

Mzee Dereva Mstaafu, nimekuandikia kwenye sanduku lako. Njoo Mwaloni uchukue debe la dagaa, na Fundi naye debe lake lipo. Ile themostati ya zamani niliyorudishiwa na gereji nimeipima pia kwenye sufuria. Ilifunguka kwa nyuzi 82 kamili, ilikuwa nzima siku zote.

Dereva Mstaafu

Nimepokea ujumbe, nitafika Jumapili. Nakuja na pikapu ya mwanangu, ambayo huchemsha ikiwa kwenye foleni ya Mabatini na kupoa ikishafika Igoma. Nadhani sasa najua pa kuanza kuangalia, ila ningependa Fundi naye awepo tukizungusha ile feni.